Mafiga ya Mama Mkwe

Kalama alituondokea siku ya Jumamosi, alasiri, mbele ya jiko alilonijengea. Nasema alituondokea kwa sababu ndivyo tunavyomtaja maiti kwa heshima, lakini hakuondoka kwa hiari yake. Alikatwa kwa panga na Fidel, mtoto wa marehemu kaka yake, tuliyekuwa tukikaa naye ua mmoja hapa Mtopanga, mlango wake ukitazamana na wangu. Watu wanakisimulia kisa hiki kila mtu na lake. Mimi Kanze, mkewe, nilikuwepo, na nimeona nikiandike kabla hakijageuzwa zaidi.

Jikoni kwetu tulikuwa tukipikia mafiga. Figa ni jiwe tu. Unaweka matatu chini, sufuria juu, kuni katikati. Yale yetu yalikuwa ya mama mkwe. Alikuja nayo kutoka Ganze alipomfuata mumewe Mombasa, na alipokufa nikayarithi, pamoja na moshi wake. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi mpaka juu, na mimi kifua kilikuwa kinalia kama mlango wa bati. Nilipokwenda kupimwa, daktari aliniuliza kama nafanya kazi kiwanda cha saruji kule Bamburi.

"La," nikamwambia. "Napika."

Kalama alikuwa mwashi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye hoteli za pwani, na kazi yake kubwa ilikuwa matanuri ya kuokea mikate ya wageni. Siku ile tuliporudi kutoka kwa daktari alikaa kizingitini akatazama mafiga kwa muda mrefu.

"Nimewajengea Wazungu moto usiotoa machozi," alisema. "Na mke wangu analia kila siku na hajafiwa."

Akaanza Jumatatu iliyofuata. Alileta matofali ya kuchoma, maana mawe yetu ya kuchimba hapa pwani ni ya matumbawe, yakipata moto mkali hupasuka na kugeuka chokaa. Alikanda udongo wa kichuguu kwa majivu na mchanga kwa miguu yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, akiimba nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyabadilisha mwenyewe. Kilango cha kutilia kuni alikatiwa na fundi wa Bombolulu kutoka kwenye pipa kuukuu. Makuti ya upande ule aliyaondoa akaezeka mabati, ndipo akapitisha bomba la moshi likatokeza juu. Ukuta nao akaukwangua masizi, akaupaka chokaa nyeupe, nikawa naona aibu kuingia jikoni kwangu na miguu ya vumbi.

Lakini kabla ya tofali la kwanza alichimba shimo. Kwao mafiga ya mama hayatupwi wala hayatumiwi kujengea choo. Alisema hayawezi kukaa nje yakirukwa na kuku. Akayashusha shimoni yote matatu, akayapanga vile vile yalivyokuwa, na nafasi yake ya moto katikati, akafukia. Juu yake ndipo akaanza kulijenga jiko.

"Mama atakushika kutoka chini," aliniambia. "Ukiunguza wali utamsikia."

Alikuwa anafukia mchana, mlango wa jikoni uko wazi. Milcah, jirani yetu mpangaji wa upande wa pili wa ua, alikuwa anaanika nguo. Milcah ni mtu wa Kakamega, mwema, mwenye sauti. Akauliza ng'ambo ya kamba:

"Mzee, leo unazika nini?"

"Nazika mafiga ya mama."

"Oo. Pole sana, mzee."

Kalama aliingia ndani akacheka mpaka akashika ubavu. "Amenipa pole," alisema. "Amenipa pole ya mawe." Alikuwa akilirudia jambo hilo kila akimwona Milcah anapita, na Milcah naye alicheka kwa kuwa mwenzake anacheka.

Siku tuliyoliwasha mara ya kwanza nilisimama mbali na mlango, leso iko puani. Nilikuwa nausubiri moshi. Kuni za mvinje zilishika, zikaanza kuvuma ndani kama upepo ulioingia chupani, na moshi haukuja. Kalama alikuwa nje anatazama juu.

"Mamake Nyamvula," aliita, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Malindi. "Toka uone moshi wako unavyokwenda Bamburi."

Mvua za masika zilianza wiki hiyo hiyo, na mimi sijapata kuishi masika mazuri kama yale. Jiko lilikuwa na midomo miwili, chai huku na mchuzi kule, na maji ya kuoga yakikaa juu ya bamba yakisubiri mtu. Tukizika viazi vitamu kwenye majivu chini ya kilango, vikitoka maganda yanajivua yenyewe. Ukuta wa nyuma ulikuwa unakaa na uvuguvugu hata baada ya moto kuzimwa. Jioni mvua ikipiga mabati tulikaa kwenye kibao, migongo tumeiegemeza pale. Kukohoa kulipungua. Kisha siku moja nikagundua sikohoi.

Fidel na mkewe Rosalia wakaanza kuja. Walikuwa na watoto wawili, msichana anayesoma chekechea na mvulana mchanga, ndiyo kwanza ameanza kukaa. Kwa mvua ile nepi zake hazikauki, basi Rosalia alizitundika karibu na bomba, na mtoto tukamlaza kwenye mkeka kando ya ukuta wa joto. Akilala pale halii. Fidel alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, na kila akitoka kazini aliingia moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo baba mdogo. Ukizidi kuegemea hapo utaiva."

"Marahaba. Nikiiva mniepue."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Naliandika hili kwa sababu wengine husema Fidel na mume wangu walikuwa na ugomvi wa kale. Hawakuwa nao.

Mwisho wa masika mtoto akashikwa na homa. Ikapanda, degedege likamkamata mikononi mwa Rosalia, macho yakageuka juu. Walimkimbiza hospitali na hakutoka. Tulimzika Ganze, na kaburi lake Kalama ndiye aliyelichimba, kwa kuwa Fidel kila akishika jembe linamponyoka. Tukarudi Mtopanga kukaa matanga. Waombolezaji wote nikawapikia kwenye jiko lile.

Milcah alikuja kukaa na wanawake. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, sikuyasikia maneno yake. Rosalia mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye, na kwa hili namwamini. Milcah alikaa naye mkeka mmoja, amemshika mkono, akitafuta neno la kumfariji kuhusu watu wa nyumba hii.

"Huyu mzee wenu ni mtu wa heshima," alisema. "Mtu mwingine angetupa. Lakini yeye fingo za mamake amezizika vizuri, hapo chini ya jiko. Mimi nilimwona akichimba."

Rosalia akainua kichwa. "Amezika nini?"

"Si hizo fingo. Yeye mwenyewe aliniambia, akicheka."

Wanawake wote wa kwetu waliokuwa pale wakanyamaza. Milcah hakujua amesema nini. Kwao jiwe la jikoni wanaliita jiwe. Neno figa alilisikia mara moja tu, ng'ambo ya kamba ya nguo, na kabla ya hapo alishawahi kusikia hili jingine mtaani, nalo ndilo lililomkaa kichwani. Fingo si jiwe la jikoni. Fingo ni dawa ya mganga, inafungwa na kufukiwa ardhini, na inalinda au inaua kulingana na aliyeizika. Mtu haiziki fingo nyumbani mwake akamwambia jirani huku akicheka, labda awe hamwogopi mtu yeyote.

Rosalia alimweleza mumewe. Basi kila walichokumbuka kikawa ushahidi. Mtoto alikuwa analazwa pale pale, juu ya shimo. Akilala pale halii, kumbe kwa nini halii? Kaburi lilichimbwa na nani? Na kifua changu mimi kimepona namna gani ghafla, kama si kwa kubadilishwa na cha mtu mwingine?

Jumamosi ile nilikuwa nje ya mlango wa jikoni, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Kalama alikuwa ndani, amechuchumaa, anachochea. Tulikuwa tumebandika mihogo. Fidel akaja na vijana wawili wa maskani. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu, na panga ameliweka nyuma ya mguu. Hakuniamkia. Fidel hajawahi kunipita bila shikamoo tangu azaliwe, na ilipotokea hivyo nilijua kuna jambo, lakini nilidhani ni msiba unamsumbua.

"Baba mdogo, chimbua," alisema.

"Nichimbue nini, na mihogo haijaiva?"

"Ulichokizika hapo chini."

Kalama akamtazama, akalitazama panga. Sauti yake ikawa ya taratibu, kama anavyosema na mtu mgonjwa. "Kaa chini, mwanangu. Hapo chini ni vitu vya bibi yako. Nimevizika mimi, na havitoki."

"Kwa hivyo unakubali."

"Nikatae kwa nini? Watu wote waliniona."

Hakulitaja neno. Alisema vitu vya bibi yako, kwa adabu, kwa kuwa alidhani wote wawili wanazungumza juu ya mawe.

Fidel alimpiga begani kwa panga. Kalama aliinuka nusu, ukuni mkononi, sijui alitaka kujikinga au alisahau kuutua. La pili lilimpata kichwani, juu ya sikio. Nilisikia mlio wake. Ulikuwa mlio wa kitu ninachokijua, wa panga kwenye dafu, na tangu siku hiyo siwezi kukaa mahali dafu zinapokatwa. Aliangukia jiko, akateleza, damu ikaingia kwenye chokaa nyeupe ya ukuta ikaenda chini kwa mistari.

Kijana mmoja alikuwa na mtaimbo. Akaanza kulipiga jiko ili lipasuke, akimruka Kalama kama mtu anayeruka gunia. Niliingia. Nikashika sufuria ya mihogo kwa leso nikammwagia yote. Ilimpata shingoni na mgongoni, akaangusha mtaimbo akatoka akipiga kelele, anaivuta fulana, na ngozi ikatoka pamoja na fulana. Yule wa pili akamfuata mbio. Fidel akanigeukia. Nilipandisha mkono wa kushoto mbele ya uso na panga likaingia hapo, mpaka mfupa. Sikusikia maumivu. Nikatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, nikaokota mbuzi kwa mkono uliobaki, nikampiga nayo mguuni kwa nguvu zangu zote. Ule ulimi wake wa chuma wenye meno uliingia kwenye paja. Nilipouvuta ulitoka na nyama. Fidel akakaa chini uani, panga bado mkononi, akilia kwa sauti ya mtoto.

Watu wakaja. Walisikia kelele wakadhani ni mwizi, wakaja na fimbo na vyuma na mawe, kama wanavyokuja hapa mtaani, na mimi nilifurahi kuwaona. Nikasema, "Amemuua mume wangu. Mshikeni."

Fidel akasema, bila kupandisha sauti, "Ni mchawi. Amemla mtoto wangu. Amekubali kwa kinywa chake. Muulizeni huyu kama hakukubali."

Wakasimama. Wanaume ambao nimewapakulia chakula kwenye matanga ya juzi tu walisimama na fimbo zao wakanitazama, wanasubiri niseme hakukubali. Nami nilikuwa nimeyasikia aliyoyasema Kalama. Nikanyamaza nikitafuta maneno. Katika kunyamaza huko mmoja nyuma akarusha jiwe. Halikuja kwa Fidel. Lilipiga mabati ya jiko. La pili likaingia mlangoni. Kisha yakaja mengi, na Kalama alikuwa bado anapumua ndani, naona tumbo lake linapanda na kushuka, na mawe yanamwangukia miguuni.

Aliyewapita wale watu ni Milcah. Alikuja akiwasukuma kwa viwiko, akapigwa jiwe mgongoni, akageuka akamtusi aliyerusha kwa lugha ya kwao, akaingia akamshika Kalama miguu. Mimi nilimshika kwapani kwa mkono mmoja. Dereva wa tuktuk alikataa kutubeba. Milcah akampiga kofi, naye akawasha gari. Hatukufika hata Bombolulu. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na leso yote imelowa, kisha uzito wake ukabadilika. Milcah alikuwa anamwambia dereva aharakishe, nikamwambia aache.

Wakati huo Milcah hakujua kwamba ni neno lake lililotufikisha hapo. Mimi pia sikujua.

Nilishonwa mkono, nikarudi nyumbani kesho yake. Fidel alikuwa ameshakamatwa na polisi, baada ya kupigwa na watu wengine wasiojua habari za fingo, waliona tu mtu mwenye damu na panga anachechemea barabarani. Walimvunja taya. Nyumbani nikakuta lori limetoka Ganze limejaa vijana wa ukoo wa Kalama, wamekuja na marungu. Walikuwa wamemfungia Rosalia chumbani kwake pamoja na bintiye, komeo kwa nje, na wanarundika mlangoni yale makuti Kalama aliyoyaondoa jikoni. Mmoja alikuwa na kidumu cha petroli.

"Mama, kaa pembeni," aliniambia. "Hili ni letu."

"Mtoto yumo ndani."

"Na wewe mume wako yuko wapi?"

Nilikwenda nikakaa juu ya makuti yale, mgongo wangu kwenye mlango wa Rosalia. Watu husema nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilitaka abaki hai, aone. Nilimsikia nyuma yangu, upande wa pili wa ubao, anapumua kwa meno yanayogongana. Yule kijana akanimwagia petroli miguuni ili niondoke. Sikuondoka. Hapo ndipo Mzee Kai, kaka mkubwa wa Kalama, aliposhuka kutoka kiti cha mbele cha lori, akamjia kijana na bakora yake, akamtandika nayo usoni, akamtandika tena alipoinama, mpaka kidumu kikaanguka.

"Unataka kuchoma nyumba ya marehemu mkubwa wenu?" alimwuliza. "Baba yake Fidel ndiye aliyeijenga hii. Fungua."

Wakafungua. Rosalia hakutoka.

Mzee Kai akanichukua kando. Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo nayo hakuyapenda. "Mke wa ndugu yangu," alisema, "wazee wamekaa. Kalama tunataka kumlaza karibu na mama yetu. Lakini habari ya fingo imefika Ganze kabla yetu. Wanasema mtu wa fingo halazwi ndani ya boma. Atazikwa nje, porini, bila watu. Nimewabishia, wamenishinda."

"Hakuwa mtu wa fingo."

"Najua. Lakini alizika kitu?"

"Alizika mafiga ya mama yenu."

"Basi vunja, watu waone."

Nililitazama jiko. Bamba la juu lilikuwa limepasuka kwa ule mtaimbo, lakini mengine yote yalikuwa mazima, midomo miwili, kilango, bomba limesimama. Ukuta wa nyuma ulikuwa na damu iliyokauka. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, na ndani ya udongo wa kilango, ukitazama vizuri, alama ya kidole gumba chake ilikuwepo. Nikilibakiza zima, yeye azikwe porini kama mbwa. Vijana wakajitolea. Nikawaambia hapana, hakuna atakayeligusa, nitalivunja mimi. Niliwaambia mambo mawili tu, wamtoe Rosalia, na wamwite kila mtu aliyerusha jiwe.

Rosalia aliletwa ameshikwa shingo. Majirani wakaja, wengine wakajificha nyuma ya wengine. Milcah alikuwa mbele, bandeji ya mgongo imechungulia kwenye kola. Nikachukua ule ule mtaimbo. Kwa mkono mmoja hauingii, nikautia na mkono wenye nyuzi, na nyuzi zikaanza kukatika moja moja, damu ikawa inashuka kwenye chuma. Nililipiga jiko langu kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Nilipiga kana kwamba lenyewe ndilo lililomuua. Matofali yakaachana, udongo wa kichuguu ukaanguka kwa vipande, bomba likalala upande likang'oa bati. Watu walirudi nyuma. Hakuna aliyesema basi.

Nikafika chini. Nikachimba kwa jembe, kisha kwa kiganja. La kwanza lilitoka jeusi, limelainika upande mmoja kwa miaka ya sufuria. Nikaliweka miguuni kwa Mzee Kai. La pili. La tatu. Nikaingiza mkono shimoni mpaka kwapani nikawaonyesha hakuna kingine, nikamwambia yeyote anayetaka aje aingize wake. Mmoja akaja, akaingiza, akatoa mchanga.

Mzee Kai alichuchumaa kwa taabu akaligeuza lile la tatu. "Hili lina kovu," alisema. "Nililiangusha mimi njiani, mama akanichapa. Haya ni mafiga ya mama yetu."

Rosalia alisogea. "Ni haya?" aliuliza. "Haya tu?"

"Ndiyo hayo," akasema Milcah, na alikuwa anajaribu kusaidia. "Si ndiyo hayo nilikuambia? Mzee alisema anazika fingo za mamake."

Watu wote wakamgeukia.

"Umesema nini?" Mzee Kai aliuliza.

"Fingo. Hayo mawe."

"Haya ni mafiga, mama."

"Haya, mafiga, fingo. Mimi si mtu wa huku, lakini ndiyo hiyo hiyo."

Nilimwona Rosalia anavyolipokea. Akamrukia Milcah. Alimwangusha chali, akamkalia kifuani, akampiga uso kwa ngumi, akamshika nywele akagongesha kichwa chake kwenye matofali yangu yaliyovunjika, na kila akigonga anasema, "Figa. Sema figa. Sema." Milcah hakujitetea mwanzoni, alidhani ni wazimu wa kufiwa. Alipoelewa, aliacha hata kukinga uso. Ilichukua wanawake wengi kumtoa Rosalia, naye alipotolewa akajipiga yeye mwenyewe, kwa viganja, mashavuni, mpaka damu ikamtoka puani. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya shimo. Sikuwaamua.

Waliorusha mawe waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nilimsikia mmoja njiani akimwambia mwenziwe kwamba hata jiwe linaweza kusomewa. Mzee Kai pia alimsikia, akamtazama, na mtu yule akaongeza mwendo.

Kalama tulimzika Ganze ndani ya boma, upande wa kulia wa mama yake. Walikuja watu wengi. Mafiga niliyarudisha kwenye lori lile lile, Mzee Kai akayapokea, yako kwake.

Milcah alihama mwezi ule ule, nasikia yuko Bamburi. Kabla ya kuondoka alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia aliyembeba mume wangu miguu ni yeye, sitalisahau hilo, na lile jingine pia sitalisahau. Akasema sawa.

Fidel yuko rumande. Wale vijana wawili hawajapatikana, ingawa mmoja shingo yake itamtambulisha popote. Kesi imeahirishwa mara kadhaa. Mimi ni shahidi wa kwanza, na siku za kwenda mahakamani mimi na Rosalia tunatoka ua mmoja, tunakaa viti mbalimbali, tunarudi.

Jiko nililijenga upya kabla ya vuli. Nilikuwa nimemtazama akilijenga, sikuhitaji fundi. Ni baya kuliko lile, limeegemea upande kidogo, lakini linavuta moshi. Rosalia aliniletea udongo wa kichuguu kwa karai bila kuombwa, akautua mlangoni akaondoka. Chumbani kwake hana pa kupikia. Hatuzungumzi sana. Asubuhi anapika yeye kwanza, kwa sababu binti yake anaingia shule mapema, kisha napika mimi.